Nichague kufundisha wanafunzi wa umri gani? Naomba uzoefu wa walimu waliopita ngazi mbalimbali

Binti wa Mbozi (mwanzisha uzi)

Habari za wakati huu, wakubwa kwa wadogo. Walimu wangu, shikamooni.

Nilimaliza kidato cha sita mwaka jana, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), nikapata daraja la pili. Ualimu nimeuchagua mwenyewe bila kusukumwa na mtu, na hilo nyumbani halina mjadala tena. Kinachonishinda ni kuamua nisomee ualimu wa nani. Mbele yangu naona njia tatu: stashahada ya ualimu wa elimu ya awali, stashahada ya ualimu wa elimu ya msingi, au shahada ya ualimu ambayo itanipeleka sekondari.

Baba mdogo, ambaye ndiye amejitolea kunilipia ada, anasema mtu aliyefaulu kidato cha sita hawezi kwenda kuimbisha watoto wa miaka mitano. Mama naye anasema nimeumbwa kwa watoto wadogo, maana jioni uwanja wetu haukauki watoto wa majirani. Mimi nikiulizwa kwa nini nafikiria elimu ya awali, jibu ninalopata ni moja tu, kwamba napenda watoto, na kila nikilitamka naliona jepesi mno kwa kazi ambayo nitaifanya miaka thelathini na zaidi.

Naomba msiniambie tu nichague ninachokipenda, kwa sababu bado sijakijua. Nataka kujua kazi yenyewe ikoje kwa kila umri, kuanzia asubuhi hadi jioni na kuanzia Januari hadi Desemba.

Mti Mkavu

Marahaba binti. Mimi si mwalimu bali ni mzazi wa walimu wawili, na nitakuwa mfupi. Tazama ajira kwanza. Siku hizi mwalimu haajiriwi kwa kusubiri jina lake litoke kwenye orodha, bali anaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kufanya usaili pamoja na wenzake wengi. Kwa mchepuo wako wa HKL, foleni ya walimu wa sanaa wa sekondari ni ndefu, na wanaotafutwa zaidi huko ni wa fizikia na hisabati.

Fikiria pia mtaala mpya wa Tanzania ulioanza Januari 2024, ambao elimu ya msingi ni miaka sita badala ya saba. Walioanza nao wakiwa darasa la tatu watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa mbele yao watamaliza la saba, kwa hiyo kidato cha kwanza cha mwaka 2028 kitapokea makundi mawili kwa mpigo. Mwalimu anayeanza chuo leo ayajue hayo kabla hajachagua.

Mwalimu wa Zamu

Mchangiaji aliyetangulia amesema kweli, na sitaki binti yetu aipuuze. Lakini ajira ni mlango wa kuingilia tu, na yeye ameuliza juu ya nyumba atakayoishi baada ya kuingia. Naomba nimjibu kwa urefu kidogo, kwa sababu nimekaa katika vyumba viwili vya nyumba hiyo, na cha pili sikukichagua.

Niliajiriwa sekondari kufundisha Kiswahili na Historia. Mwaka 2018 nikawa miongoni mwa walimu wa masomo ya sanaa waliohamishwa kutoka sekondari kwenda shule za msingi, kwa kuwa huku tulikuwa tumezidi na kule walikuwa wamepungua. Barua yangu niliikunja nikaiweka katikati ya Biblia, ikakaa humo siku mbili kabla sijamwonyesha mke wangu. Niliona nimeshushwa. Nilipofika shule mpya nikakuta mwalimu wa darasa la kwanza yuko likizo ya uzazi, na mwalimu mkuu, mama mtulivu ambaye hakuwa na mtu mwingine wa kumpa darasa lile, akanikabidhi mimi. Watoto tisini na saba, kipindi cha dakika thelathini, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu.

Wiki ya kwanza niliikosea yote. Nilizungumza kama ninavyozungumza na kidato cha tatu, nikasahau kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kukaa akimsikiliza mtu mzima anayejieleza. Wanne walilia, mmoja alijisaidia palepale kwenye dawati kwa kuogopa kuniomba ruhusa, na sauti yangu ilikauka kabla ya saa nne. Nilirudi nyumbani nikijua kabisa kwamba kazi hii si ya mwanamume mwenye shahada.

Kilichonigeuza kilikuwa namba. Nilikuwa nimewaambia waandike kumi na mbili. Nilipopita kwenye madawati nikakuta mtoto mmoja ameandika 102, wa pili 102, na safu nzima ya dirishani 102. Nikawasahihisha, kesho yake wakarudia vilevile. Usiku nikiwa nasahihisha yale madaftari ndipo nikaelewa kwamba hawakuwa wamekosea ovyo. Walikuwa wamenisikiliza vizuri kupita nilivyodhani: mwalimu amesema kumi, wakaandika 10, kisha akasema na mbili, wakaongeza 2. Kiswahili chetu kinaitamka namba hiyo kwa vipande vyake, nao waliviandika vipande kama vilivyotamkwa. Asubuhi nilikwenda na vijiti na mipira ya kufungia fedha, tukafunga vijiti kumi kumi, tukaviweka kwenye makopo mawili, la makumi na la mamoja, hadi wakaona wenyewe kwamba kwenye kopo la makumi kuna fungu moja tu, na kwamba ile sufuri waliyoiandika ilikuwa imekalia kiti cha ile mbili.

Wiki iliyofuata msichana mmoja alisimama kusoma kadi. Akatamka silabi kwa kidole, ka, la, mu, barabara kabisa, nilipomwambia aunganishe akasema, "Peni." Darasa likacheka. Mimi nilisisimka mwili mzima. Nyumbani kwao, kama ilivyo kwetu wengi, kalamu huitwa peni. Mtoto yule alikuwa ameshapita sauti akafika kwenye maana, akarudi na jina analolijua. Mwezi mmoja kabla ya hapo ningemwambia amekosea na kumkalisha chini.

Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo sijaliacha hadi leo, na ndilo ninalokupa wewe. Usijiulize ni watoto wa umri gani unaowapenda, kwa kuwa hata jirani mwema anawapenda. Jiulize ni wanafunzi wa umri gani ambao makosa yao yanakufanya utake kujua yametoka wapi, badala ya kukukasirisha au kukuchosha. Kazi ya ualimu, ukiiondolea sherehe na sare, ni kukaa na makosa ya watu wengine siku nzima. Makosa yaleyale yatarudi kila Januari na sura mpya: nimeandikiwa 102 kila mwaka tangu 2018. Mwalimu ambaye kosa hilo linamchosha atakuwa amechoka kufikia mwaka wa tatu hata kama anawapenda watoto kama wanawe, na yule ambaye linamvuta atazeeka akiwa bado anakata vijiti.

Sasa nikujibu ulichouliza kuhusu siku nzima. Darasa la awali na la kwanza huuchosha mwili. Utaimba, utainama, utafunga vifungo vya mashati, utafuta kamasi, utatafuta kiatu kilichopotea, na zana utazifaragua mwenyewe kwa vizibo vya soda na maboksi. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto ishirini na watano wa awali na arobaini na watano wa msingi, lakini jiandae kukuta zaidi ya hapo mara mbili au tatu. Ujira wake ni kwamba unaona kwa macho mtu asiyejua kusoma akijua kusoma. Mwaka unaanza hajui, unakwisha anajua. Sekondari huchosha akili na jicho. Nilikuwa na mikondo minne ya kidato cha pili, madaftari zaidi ya mia mbili na arobaini kila ninapotoa zoezi la insha, na matokeo ya nilichofundisha niliyaona baada ya miaka miwili, mengine sijayaona hadi leo.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu yoyote, mwombe mwalimu mkuu wa shule ya jirani akuruhusu ukae nyuma ya darasa siku chache, awali, la kwanza, la tano, kisha uvuke hadi sekondari ya kata. Chukua daftari. Usiandike jinsi watoto walivyo wazuri. Andika walichokosea, kwa maneno yao wenyewe. Jioni ukiwa unaosha vyombo, tazama ni kosa lipi linalorudi kichwani bila kuitwa.

Kidato cha Pili

Mwalimu wa Zamu, nakushukuru, nami nakubaliana nawe karibu yote. Ila binti asije akadhani kwamba sekondari hakuna makosa matamu, na kwamba sisi tunasahihisha tu kwa kalamu nyekundu.

Nafundisha Historia katika shule iliyo magharibi ya Tabora, kando ya Reli ya Kati. Mwaka mmoja mwanafunzi wa kidato cha pili aliandika kwamba moja ya sababu zilizowaleta Wajerumani kwetu ni reli. Kwa mwongozo wa kusahihishia hilo ni kosa, sababu na matokeo vimegeuzwa, unaweka mkasi unaendelea. Nilimwita. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba babu yake alisimuliwa na baba yake kuwa Mjerumani alifika kijijini kwao kwa treni. Kwa kijiji kile ni kweli! Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa watu waliokaa mbali na boma, huenda reli ndiyo iliyowaletea Mzungu wa kwanza kumwona. Kosa lake lilikuwa ushahidi halali uliowekwa mahali pasipo pake. Tulitumia vipindi viwili kwa jambo hilo moja, nani anasimulia, amesimama wapi, ameona nini, na sijapata kufundisha vizuri kama siku zile mbili.

Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukuletea kosa la namna ile. Lakini zingatia nilivyomwita pembeni. Mtoto wa miaka sita akichekwa hulia, akabembelezwa, akasahau. Wa miaka kumi na tano akichekwa leo hatanyoosha mkono tena hadi mwaka uishe, na hatakwambia kwa nini. Makosa ya umri huu yamefichwa. Kuna mavazi ya kiburi juu yake, kuna ukimya, na kuna lugha, kwa sababu yale aliyoyajua vizuri kwa Kiswahili shule ya msingi anatakiwa kuyajua upya kwa Kiingereza. Nimeona wanafunzi wanaojumlisha sehemu bila shida wakiwa darasa la sita wakinyamaza kidato cha kwanza, na mwalimu mgeni akaandika kwamba hawajui hesabu. Ukija huku, uje na subira ya kungoja kosa litoke lenyewe.

Pwani Kaskazini

Nawasalimu kutoka Kilifi, upande wa pili wa mpaka. Ningependa dada yetu afahamu kwamba mgawanyo wa umri hupangwa na serikali, nao hubadilika ukiwa tayari umeshasomea. Kwetu mtaala wa umilisi ulileta sekondari ya chini, na Januari 2023 wanafunzi wa Gredi ya Saba walibaki katika shule za msingi badala ya kuhamia sekondari. Wenzangu waliosomea kufundisha vijana wakubwa walijikuta mbele ya watoto wa miaka kumi na miwili. Waliofurahia ni wale waliokuwa tayari kuanza kujifunza upya.

Jambo la pili ni mwajiri. Huku Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea iko chini ya serikali za kaunti, ilhali walimu wa msingi na sekondari za umma wako chini ya Tume ya Huduma za Walimu. Kwa hiyo mtu anayechagua watoto wa miaka minne anakuwa amechagua na mwajiri tofauti pia. Nimefundisha chekechea miaka tisa na bado naipenda, ila nilipoanza sikulijua hilo na hakuna aliyeniambia.

Ngumbaru

Wote mmezungumza kama vile wanafunzi huisha wakifika miaka kumi na tisa. Mimi nafundisha watu wazima jioni, kisomo na wale wanaojiandaa na mtihani wa maarifa (unaowafungulia njia ya mtihani wa kidato cha nne wasiopita sekondari), na naomba niongeze kitu kimoja tu kwenye hoja ya Mwalimu wa Zamu.

Nina mama anayeuza dagaa sokoni. Mwulize visado saba, kila kimoja shilingi elfu moja na mia tano, atakujibu elfu kumi na mia tano kabla hujafumba mdomo, na chenji atakurudishia. Siku moja nikamwomba aiandike ile elfu kumi na mia tano. Akaandika 10000500. Nimesoma habari ya watoto wako na ile 102 nikashtuka, kwa sababu kosa ni lilelile moja, limetofautiana umri tu. Ila huyu, aliponiona nakaribia, aliufunika ukurasa kwa kiganja na kusema amesahau miwani.

Vijiti na makopo yako, mwalimu, visingemfaa, angeona anadharauliwa. Nilimwomba anisaidie kutengeneza daftari la mauzo lenye safu za maelfu, mamia, makumi na mamoja, nikamwambia ukweli kwamba yeye hesabu anaijua na kilichobaki ni maandishi. Mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, baba yangu alifundisha kisomo chini ya mwembe, na alikuwa akisema mwanafunzi mzima humletea mwalimu aibu yake kwanza, kosa baadaye. Binti, kama unaweza kuibeba aibu ya mtu mzima bila kuiangusha, huku kwetu pia pana nafasi.

Mwalimu wa Zamu

Ngumbaru, umenifundisha. Nimeusoma mchango wako mara mbili na kumsomea mke wangu.

Binti, naona hujauliza kuhusu baba mdogo, lakini nadhani yeye ndiye anayekulaza macho. Mwambie kwa heshima mambo mawili. La kwanza, mshahara wa mwalimu wa serikali hufuata kiwango cha elimu yake na haufuati urefu wa wanafunzi wake: mwenye stashahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS C na mwenye shahada TGTS D, na mimi nilipohamishiwa msingi ngazi yangu haikushuka. La pili, kuna shahada za elimu ya awali katika vyuo vikuu vyetu, kwa hiyo anayeanza na stashahada ya watoto wadogo anaweza kupanda bila kuwaacha watoto hao. Dharau kwa mwalimu wa wadogo ni ya zamani na imetugharimu. Shule nyingi darasa la kwanza hupewa mwalimu anayekaribia kustaafu au mgeni asiyeweza kukataa, halafu tunashangaa mtoto anafika darasa la nne hajui kusoma. Mimi mwenyewe niliingia na dharau hiyo, na watoto tisini na saba waliilipia wiki nzima.

Binti wa Mbozi (mwanzisha uzi)

Walimu wangu, samahanini kwa ukimya wa wiki mbili. Nilikuwa nafanya mlichoniagiza.

Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alinikubalia siku nane. Awali nilikaa siku mbili, na lazima niseme ukweli ulionihuzunisha: watoto niliwapenda kama nilivyotarajia, lakini ilipofika saa nne nilikuwa natazama mlango. Daftari langu la siku hizo limejaa majina na vichekesho vyao, makosa ni mawili tu. Darasa la kwanza nikaiona ile 102 kwa macho yangu, kwa mtoto wa jirani yetu kabisa, nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu aliyesimuliwa. Hata hivyo jioni sikuifikiria tena. Sekondari niliogopa, kidato cha pili walinizidi kimo na nusu yao hawakunitazama.

Kilichonikamata kilitokea darasa la tano, kipindi cha sayansi. Mnajua baridi ya huku kwetu mwezi wa saba. Mwalimu aliuliza kwa nini maji ya kisima huwa ya vuguvugu alfajiri na ya baridi mchana. Wengi walinyamaza. Mvulana mmoja wa nyuma, karibu na nilipokaa, akanyoosha mkono akasema kwamba usiku jua linakuwa chini ya ardhi, kwa hiyo linakichemsha kisima kutokea chini, na asubuhi likipanda juu kisima kinaanza kupoa. Darasa zima likakubali, na mimi kwa sekunde kadhaa nikakubali pia. Mwalimu akasema si hivyo, muda ukaisha, kengele ikagongwa.

Nimelala na jua lile chini ya ardhi usiku tatu. Nimeamka alfajiri nikateka maji, nikatia mkono, nikarudi tena mchana nikatia mkono. Nadhani maji yale hayabadiliki, ni mkono wangu unaotoka kwenye baridi au kwenye jua. Lakini kumwambia hivyo mtoto mwenye maelezo mazuri kama yale hakutoshi, ni lazima aone mwenyewe. Na nimegundua kwamba yeye anajua jua huenda upande wa pili wa dunia, jambo ambalo ni sahihi, ila anaiona dunia kuwa nyembamba kama sakafu.

Fomu nimejaza, ualimu wa elimu ya msingi. Baba mdogo nimemwonyesha ujumbe wa Mwalimu wa Zamu kuhusu ngazi za mshahara, akausoma akiwa amevaa miwani, akasema ada ya muhula wa kwanza ipo. Mwalimu wa darasa la tano amenipa ruhusa nirudi Jumatatu. Sekondari ya kata wana kipimajoto kwenye maabara, nao wameniazima hadi Jumanne, na yule mvulana nimemwomba afike saa kumi na mbili na nusu alfajiri na ndoo ya kwao.